Ukibadilisha saizi ya tairi, spidomita inasoma nini? Mwongozo kamili wa kukokotoa, kupima na kurekebisha

Gari halijui limekwenda umbali gani. Linachojua ni idadi ya mizunguko ya magurudumu, au ya shafti inayoyazungusha, na kila mzunguko umepangiwa urefu wake tangu kiwandani. Ukifunga tairi kubwa kuliko lile lililokusudiwa, kila mzunguko unalisogeza gari mbele zaidi ya hesabu yake, na spidomita inasoma pungufu: mshale uko 100, barabarani unakwenda 105. Ukifunga dogo mambo yanageuka: mshale uko 100, kumbe unakwenda 96.

Kati ya makosa hayo mawili, la tairi kubwa ndilo la kuogopwa, na ndilo linalopendwa, maana wengi wanaobadilisha saizi wanataka gari liinuke. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kabla ya kununua. Hesabu yenyewe ni ya dakika chache kwa kalamu na karatasi, na inafaa kufanywa tairi likiwa bado dukani. Likishafungwa kwenye rimu na kutembea, limeshakuwa lako.

Namba ya kwenye dashibodi inatoka wapi

Spidomita ya mshale ya zamani inafuata wazo ambalo Mjerumani Otto Schulze alilipatia hataza mwaka 1902. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku ndogo ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haigusi kikombe, lakini inapozunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba inakizuia kisizunguke moja kwa moja. Sumaku ikiongeza kasi, kikombe kinasogea zaidi, na mshale umeshikamana nacho. Katika magari mengi ya Kijapani, chombo cha dashibodi kimetengenezwa kikitarajia kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita. Kigia kidogo, mara nyingi cha plastiki, ndani ya giaboksi ndicho kilichochaguliwa ili tairi la kiwandani litoe idadi hiyo.

Magari ya siku hizi yameondoa kebo. Sensa kwenye giaboksi, au sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) kwenye kila gurudumu, zinahesabu meno ya duara linalozunguka na kutuma mapigo ya umeme kwenye kompyuta. Kompyuta inayageuza mapigo kuwa kilomita kwa saa. Teknolojia imebadilika, shida imebaki ile ile: mzingo wa tairi umeingizwa kwenye hesabu kama namba isiyobadilika.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba spidomita nyingi zinadanganya kidogo kwa makusudi. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi hata kidogo. Kusoma juu inaruhusiwa, mradi isizidi asilimia 10 ya mwendo halisi kujumlisha kilomita 4 kwa saa. Gari likienda 100 kamili, mshale unaweza kuwa popote kati ya 100 na 114 na bado likafaulu. Kwa kuwa upande wa chini hauna msamaha wowote, watengenezaji huweka mshale mbele kidogo ili wawe salama. Akiba hiyo ndiyo tairi kubwa huanza kuila kimyakimya.

Hatua ya kwanza: soma ubavu wa tairi, kisha soma kibandiko cha gari

Chuchumaa kando ya gurudumu na utafute maandishi ya namna hii: 195/65 R15 91H. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, si milimita: ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana ubavu wa 65 kwenye tairi la upana 195 ni mfupi kuliko ubavu wa 65 kwenye tairi la upana 225. R inaeleza muundo wa nyuzi za ndani, yaani radiali. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito ambao tairi linabeba, yaani kilo 615, na H ni spidi ya juu linayoivumilia, kilomita 210 kwa saa.

Usiishie kwenye tairi lililofungwa sasa. Gari lililopitia mikono miwili mitatu huenda lilishabadilishwa saizi zamani, na ukilinganisha tairi jipya na hilo utakuwa unalinganisha kosa na kosa. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo; kuna kibandiko chenye saizi ya kiwandani na upepo wake. Magari mengine huweka kibandiko hicho ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na yote huwa nayo kwenye kitabu cha mwongozo. Mara nyingi utakuta saizi mbili au tatu zimeorodheshwa. Ukichagua mojawapo, mtengenezaji ameshakupigia hesabu, na unaweza kufunga mwongozo huu ukaenda dukani.

Baadhi ya matairi, hasa ya pikapu, huandikwa kwa mtindo mwingine, kwa mfano 31x10.50 R15. Hapo mambo ni mepesi zaidi: 31 ni kipenyo kizima cha tairi kwa inchi, 10.50 ni upana kwa inchi, na 15 ni rimu. Matairi ya magari ya mizigo yanaweza kuandikwa 195 R14 C bila namba ya ubavu. Kwa hayo chukua ubavu kuwa asilimia 80 hadi 82 ya upana, au bora zaidi soma kipenyo kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Hatua ya pili: kokotoa kipenyo

Kanuni ni hii:

Kipenyo = (rimu × 25.4) + (2 × upana × ubavu ÷ 100)

Tuichukue 195/65 R15. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ubavu ni 195 × 65 ÷ 100, yaani 126.75. Tairi lina ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake, kwa hiyo unauzidisha mara mbili: 253.5. Jumla ni milimita 634.5. Andika namba hiyo, kisha fanya vivyo hivyo kwa tairi unalolitamani.

Hatua ya tatu: linganisha, ukiangalia upande

Gawanya kipenyo kipya kwa cha kiwandani. Jibu likizidi 1, spidomita itasoma pungufu. Likiwa chini ya 1, itasoma zaidi.

Chukua mwenye 195/65 R15 anayeshauriwa afunge 205/65 R15 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Kipenyo chake ni 647.5. Ukigawanya kwa 634.5 unapata 1.0205, yaani ongezeko la asilimia 2. Milimita 10 tu za upana zimeongeza kipenyo kwa 13, kwa sababu ubavu hupimwa kwa upana. Mwingine anaambiwa achukue 195/60 R15: kipenyo ni 615, pungufu kwa asilimia 3. Mshale ukiwa 100, huyu anakwenda karibu 97, kama spidomita yake ilikuwa sahihi mwanzoni.

Sasa tazama pikapu. Saizi ya kiwandani ni 265/65 R17, kipenyo 776.3. Mwenyewe anataka 285/70 R17, kipenyo 830.8. Ukigawanya unapata 1.07. Mshale ukisimama 100, gari liko 107. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo, lakini nguvu ya mwendo hupanda kwa kipeo cha pili cha spidi: 1.07 mara 1.07 ni karibu 1.145. Breki zina kazi ya ziada ya asilimia 14 na nusu, na umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unaongezeka kwa kiasi kama hicho, huku dereva akiamini anakwenda mwendo wake wa kila siku.

Mafundi na wauzaji wengi wa matairi hutumia kikomo cha asilimia 3. Ni kipimo kizuri, ila kinachukulia juu na chini kuwa sawa, nami sikubaliani na hilo. Asilimia 3 kwenda chini inakufanya uende polepole kuliko unavyodhani. Asilimia 3 kwenda juu inaweza kula akiba yote ya spidomita na kukuacha unavunja sheria bila kujua. Kwa kwenda juu ningesimama kwenye asilimia 2, isipokuwa kama umekusudia kurekebisha spidomita yenyewe.

Rimu kubwa haimaanishi tairi kubwa

Nasikia mara kwa mara kwamba mtu akitoka rimu ya 15 kwenda 17 spidomita lazima iharibike. Si kweli, na inafaa kulikazia hili kwa namba. 195/65 R15 ina kipenyo cha 634.5. 205/55 R16 ina 631.9. 225/45 R17 ina 634.3. Rimu imeongezeka inchi mbili nzima, na kipenyo cha nje kimebaki karibu vile vile, tofauti haifiki hata nusu ya asilimia. Siri iko kwenye ubavu: rimu inapopanda, ubavu unashuka. Spidomita haioni rimu. Inaona mzunguko mzima wa nje, ule unaogusa lami.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachowanasa watu. Unaweza kubaki na rimu ile ile ya inchi 16, ukatoka 265/70 kwenda 285/75, na kipenyo kikapanda kutoka 777.4 hadi 833.9, zaidi ya asilimia 7. Kwa nje gari lina rimu zile zile. Ndani hesabu yote imehama.

Hatua ya nne: pima spidomita yako kabla hujabadilisha chochote

Hesabu ya vipenyo inakuambia spidomita itahama kiasi gani. Haikuambii iko wapi sasa. Hilo unalipata barabarani.

Njia rahisi ni GPS ya simu. Mwenzako aishike simu na kusoma, wewe uendeshe. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na miti iliyofunga juu wala majengo marefu pembeni. Shikilia mshale kwenye 50 kwa sekunde kumi au zaidi, kwa sababu GPS huchelewa kidogo kufuata mabadiliko ya mwendo. Ukiwa unaongeza au kupunguza gesi, namba unayosoma ni ya muda uliopita. Andika. Rudia kwenye 80, na kwenye 100 kama sheria ya barabara hiyo inaruhusu. Pima spidi zote tatu, maana spidomita nyingine hukosea kwa kiasi kile kile cha kilomita katika mwendo wowote, nyingine kwa asilimia, na nyingi kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Kipimo kimoja hakitakuonyesha tofauti hiyo.

Kama huna GPS ya kuaminika na barabara ina vibao vya kilomita, tumia saa. Shikilia mshale mahali pamoja, mwenzako ahesabu sekunde kutoka kibao kimoja hadi kingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 45 ni 80. Sekunde 36 ni 100. Pima kilomita kadhaa mfululizo na uchukue wastani, kwa sababu si kila kibao kimesimikwa mahali pake hasa.

Watu wengine huchomeka kifaa kwenye plagi ya kusomea kompyuta ya gari, iliyo chini ya usukani, na kusoma spidi hapo. Namba hiyo mara nyingi iko karibu na ukweli kuliko mshale, kwa kuwa haijaongezewa akiba ya mtengenezaji. Lakini tahadhari: nayo inatokana na mizunguko ile ile ya magurudumu. Ukishabadilisha tairi, itakosea kwa asilimia ile ile ya tairi. Shahidi wa nje ni GPS au vibao.

Hatua ya tano: unganisha vipimo viwili

Gawanya mwendo halisi kwa mwendo uliosomwa. Tuseme mshale ulikuwa 100 na GPS ikasema 95. Kigawo chako ni 0.95. Zidisha kwa uwiano wa vipenyo. Kwa pikapu yetu: 0.95 × 1.07 ni 1.0165. Yaani ukishafunga matairi makubwa, mshale ukiwa 100 utakuwa unakwenda karibu 101.7.

Jibu hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, tairi kubwa wakati mwingine huifanya spidomita ikaribie ukweli, na ndiyo sababu kuna watu wanaoapa kwamba tairi kubwa limewarekebishia gari. Pili, imekaribia ukweli kwa kuuvuka: sasa inasoma chini, jambo ambalo Kanuni Namba 39 inalikataza kabisa. Mwenye pikapu ya aina hiyo hiyo ambayo spidomita yake ilikuwa na akiba ya asilimia 1 tu angefika karibu 106. Ndiyo maana kipimo cha gari la rafiki hakikufai, pima lako.

Hatua ya sita: hakikisha kwa chaki

Kipenyo ulichokokotoa ni cha kwenye karatasi. Matairi mawili ya saizi moja kutoka kwa watengenezaji wawili yanaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa, na tairi lenye uzito wa gari juu yake halizunguki kama duara kamili. Njia ya kujua ukweli ni kulivingirisha.

Jaza upepo kwa kiwango cha kibandiko, gari likiwa na mzigo wa kawaida na matairi yakiwa baridi. Simamisha gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Chora mstari mwembamba wa chaki ubavuni, pale tairi linapokutana na sakafu, wima kutoka katikati ya gurudumu kwenda chini, na mstari mwingine sakafuni mkabala wake. Sukuma gari kwa mikono, magurudumu yakiwa yamenyooka, mpaka mstari wa tairi ushuke chini kwa mara ya tatu. Weka alama sakafuni. Pima kwa futi ya utepe kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho, kisha gawanya kwa tatu. Mizunguko mitatu ni bora kuliko mmoja, kwa sababu kosa la milimita tisa katika kuweka alama linabaki la milimita tatu tu kwa mzunguko.

Kwa 195/65 R15, mzingo wa kwenye karatasi ni 634.5 × 3.1416, karibu milimita 1,993. Chaki itakupa kitu kama 1,935. Hujakosea. Tairi la radiali likibebeshwa uzito huvingirika umbali wa karibu mara 3.05 ya kipenyo chake, pungufu ya ule wa duara kamili. Upungufu huo unayapata matairi yote mawili, la zamani na jipya, kwa hiyo uwiano wao hauathiriki sana na hesabu ya hatua ya tatu inabaki kuwa na maana. Ila ukitaka namba ya kuingiza kwenye kompyuta ya gari au kwenye mita ya teksi, tumia ya chaki.

Tairi lilelile huzeeka

Hata asiyebadilisha saizi anabadilisha kipenyo. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zinataka libadilishwe likifika 1.6. Milimita 6.4 zimeondoka kila upande, yaani 12.8 kwenye kipenyo. Kwa 195/65 R15 hiyo ni asilimia 2: tairi lililokwisha lina kipenyo cha 621.7, karibu sawasawa na 185/65 R15 jipya, lenye 621.5. Kwa hiyo ukipima spidomita ukiwa na matairi ya kipara na kisha ukafunga mapya ya saizi ile ile, mshale utasoma pungufu kwa asilimia 2 kuliko ulivyosoma jana, na hakuna kilichoharibika. Ukilinganisha zamani na mpya, kumbuka kuongeza uchakavu kwenye hesabu. Upepo nao una mchango, ila kwa tairi la radiali ni mdogo, kwa kuwa mkanda wa nyuzi za chuma chini ya meno haunyooki wala kusinyaa ovyo.

Vingine vinavyohama pamoja na mshale

Odometa inatumia hesabu ile ile. Pikapu yenye asilimia 7 ya ziada ikionyesha kilomita 10,000, imekwenda 10,700. Kama unabadilisha oili kwa kufuata odometa, unachelewa kwa kilomita 700 kila mara. Ulaji wa mafuta nao utaonekana umeharibika kuliko ulivyo: ukitumia lita 60 na odometa ikasema 500, unapata kilomita 8.3 kwa lita, ilhali umekwenda 535, sawa na 8.9. Tairi kubwa na zito kweli linakula mafuta zaidi, lakini sehemu ya ongezeko unaloliona ni la kwenye karatasi tu. Rekebisha kilomita kabla ya kulalamika.

Mfumo wa kushikilia spidi utashikilia spidi isiyo sahihi. Kidhibiti mwendo kinachotegemea mapigo ya gari kitachelewa kukata. Mita ya teksi inayohesabu mizunguko itamtoza abiria zaidi tairi likiwa dogo au limechakaa, na itampunja dereva likiwa kubwa. Hizo, pamoja na takografu za malori (vifaa vinavyorekodi mwendo na safari), zinapaswa kupimwa upya kila mzingo wa tairi unapobadilika. Giaboksi ya otomatiki inaweza kubadilisha gia kwa wakati usiofaa, na gari litakuwa zito kuondoka, kwa sababu tairi kubwa ni sawa na kupandisha gia zote kidogo.

Hatari kubwa zaidi ya kiufundi iko kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne muda wote. Hayo hayavumilii matairi ya vipenyo tofauti mbele na nyuma. Difu ya kati au klachi yake italazimika kufidia tofauti hiyo kila sekunde ya safari, na itapata joto mpaka ife. Badilisha yote manne kwa saizi moja na uchakavu unaokaribiana, na usisahau la spea. ABS na mfumo wa kuzuia gari kuteleza hulinganisha kasi za magurudumu. Mbele na nyuma zikipishana kuliko mfumo ulivyozoea, taa zitawaka au breki zitaingilia pasipostahili.

Kuhusu spidomita yenyewe, inasaidia kujua sensa iko wapi. Gari lenye sensa kwenye giaboksi na linalovutwa na magurudumu ya mbele linahesabu ya mbele tu. Pikipiki nyingi huchukua spidi kwenye gurudumu la mbele, hivyo tairi la nyuma halina neno kwa mshale. Zile zenye sensa kwenye giaboksi zinaguswa na tairi la nyuma na hata na idadi ya meno ya sproketi.

Kurekebisha

Kabla ya kufikiria mshale, hakikisha tairi jipya lina alama ya uzito isiyo chini ya ile ya kiwandani, na kwamba haligusi bodi usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na springi zikiwa zimebanwa na mzigo. Tairi linalosugua hupasuka, na hapo spidomita sahihi haikusaidii. Angalia pia sheria ya nchi yako kuhusu mabadiliko ya saizi, na umwarifu aliyekukatia bima.

Kwa gari la kebo, dawa ni kigia cha giaboksi. Tairi likiwa kubwa, kebo inazunguka mara chache mno kwa kilomita, kwa hiyo unataka kigia chenye meno machache zaidi ili kizunguke haraka. Kama cha sasa kina meno 30 na tairi limekua kwa asilimia 7, gawanya 30 kwa 1.07: unapata 28. Meno ni namba nzima, hivyo mara nyingi utaukaribia ukweli bila kuufikia, na inatosha.

Kwa gari la kompyuta, baadhi ya mifano inaruhusu fundi mwenye mashine ya uchunguzi kuingiza saizi au mzingo mpya wa tairi. Hii ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu kila mfumo unapata taarifa moja. Mwulize fundi swali hili kabla hajaanza: marekebisho yataingia kwenye kompyuta zote, au kwenye dashibodi peke yake? Ikiwa ni dashibodi tu, giaboksi na kishikilia spidi vitaendelea na hesabu ya zamani.

Pale kompyuta isiporuhusu, kuna visanduku vidogo vya elektroniki vinavyokaa kati ya sensa ya giaboksi na dashibodi, vikiongeza au kupunguza mapigo kwa asilimia unayoiweka. Vinafanya kazi vizuri vikifungwa kwenye waya wa sensa ya spidi. Usikubali mtu akate nyaya za sensa za ABS kwa ajili hiyo. Wala usichanganye kurekebisha mapigo na kurudisha odometa nyuma. La kwanza linaifanya ihesabu sawa kuanzia sasa, la pili ni udanganyifu, na nchi nyingi zinaliadhibu.

Asiyeweza kurekebisha atengeneze kikaratasi. Gawanya spidi unayotaka kwa kigawo cha hatua ya tano. Kwa kigawo cha 1.0165, mwendo halisi wa 50 ni mshale kwenye 49, wa 80 ni karibu 79, wa 100 ni 98. Kibandike pale macho yanapofika bila kuinamisha kichwa, pembeni ya mshale, kisiufunike.

Kazi ikiisha, rudi kwenye barabara ile ile uliyopimia mwanzo, spidi zile zile, mwenzako na simu. Mshale ukisoma sawa na GPS au juu yake kwa kilomita chache, umemaliza. Ukisoma chini hata kwa kilomita moja, mrudie fundi. Kisha fungua kitabu cha huduma cha gari uandike saizi mpya, tarehe, kilomita zilizoonyeshwa na odometa siku hiyo, na kigawo ulichopata kabla na baada, ili atakayefunga matairi mengine asianze kwa kubahatisha.